Lord Delamere: Mlowezi wa Njoro aliyetaka Kenya iwe nchi ya Wazungu

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Nakuru hukutana na jina Delamere mara kadhaa kabla ya kufika mwisho wa safari yake. Hulikuta Naivasha, mahali ambapo magari ya abiria husimama ili watu wajinyooshe viungo na kununua maziwa. Hulikuta tena baada ya kuipita Gilgil, anapoliona Ziwa Elmenteita na ardhi pana ya Soysambu iliyotandaa kando ya maji yale ya magadi.

Wengi hulitamka jina hilo bila kujua lilikotoka. Wengine wanalijua vyema, na kila wanapolisikia hukumbuka ardhi ambayo babu zao waliondolewa ili ng'ombe na kondoo wa mgeni wapate malisho.

Mwenye jina hilo aliitwa Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu wa Delamere. Kati ya mwaka 1903 alipohamia Afrika Mashariki na mwaka 1931 alipofariki, hakuna mlowezi aliyekuwa na sauti kubwa kumzidi. Alikuwa mfugaji, mkulima wa ngano, mwenye kinu cha unga na kiongozi wa Wazungu katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliuweka rehani utajiri wa ukoo wake huko Uingereza kwa ajili ya ndoto moja, kwamba nyanda za juu za Kenya zingekuwa makao ya kudumu ya watu weupe na kwamba watu hao ndio wangetawala.

Ndoto hiyo haikutimia. Hata hivyo, alama alizoziacha katika kilimo, katika siasa na katika umiliki wa ardhi Bonde la Ufa zingali zinaonekana hadi leo.

Mwana wa kabaila aliyependa kuwinda

Delamere alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 katika jimbo la Cheshire, Uingereza, ambako familia yake ilimiliki jumba la Vale Royal na maelfu ya ekari za mashamba. Alisomea Eton, shule ya watoto wa mabwanyenye, lakini vitabu havikumvutia. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana huyo wa miaka 17 alirithi cheo, jumba na ardhi yote.

Mali hiyo haikumtuliza nyumbani. Kuanzia mwaka 1891 alianza kusafiri hadi nchi ya Wasomali kuwinda simba, akarudi huko mara kadhaa. Katika mojawapo ya safari hizo, mnamo 1894, simba aliyejeruhiwa alimrukia na kumrarua mguu. Aliyemwokoa ni Msomali mbeba bunduki wake, Abdullah Ashur, aliyejitupa juu ya mnyama yule kwa mikono mitupu. Delamere alipona, lakini alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliondoka Berbera na msafara mkubwa wa ngamia. Alipitia Ethiopia, akavuka majangwa ya kaskazini na mwaka 1897 akafika kwenye nyanda za juu za nchi ambayo sasa ni Kenya. Baada ya miezi mingi ya kiu na jua kali, aliona mbele yake majani mabichi, vijito vya maji baridi na misitu ya miti mikubwa. Mawazo ya kuwinda yakaanza kumtoka, na mawazo ya kumiliki yakaanza kumwingia.

Mnamo Julai 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen kutoka kaskazini mwa Ireland. Ndoa hiyo ndiyo iliyoileta damu ya Kiayalandi katika historia ya Bonde la Ufa, kwa sababu ndugu wawili wa Florence walimfuata shemeji yao. Galbraith Cole alianzisha shamba la Kekopey kando ya Elmenteita, naye Berkeley Cole akawa miongoni mwa wanasiasa wa walowezi na mwasisi wa Klabu ya Muthaiga, Nairobi.

Shamba la Ikweta

Wakati Delamere aliporejea na mkewe ili kuishi, mwanzoni mwa mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa na tatizo. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900 na ufuo wa Ziwa Victoria mwaka 1901, kwa gharama iliyozidi pauni milioni 5. Fedha hizo zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, na mizigo ya kuifanya reli ijilipe haikuwapo. Kamishna Sir Charles Eliot aliamua kwamba dawa ni kuwaleta Wazungu walime kando ya reli.

Delamere aliomba ardhi kwanza Laikipia, akakataliwa kwa kuwa ilikuwa mbali na reli. Akaomba karibu na Naivasha, akakataliwa tena kwa kuwa Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo yao huko. Wakati huo alikuwa amelazwa Nairobi baada ya kuangushwa na farasi na kuumia vibaya shingo na mgongo. Akiwa kitandani, aliomba mara ya tatu, na safari hii akapewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kwa kuwa mstari wa Ikweta ulipita karibu, aliliita shamba lake Ikweta.

Yeye na Lady Florence hawakujenga kasri. Waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, huku samani za thamani kutoka Vale Royal zikiwa zimesimamishwa juu ya sakafu ya udongo. Inasimuliwa kwamba bwana huyo aliamka kabla ya mapambazuko, akapiga santuri ile ile kila asubuhi, kisha akatoka kwenda kwa mifugo. Alifuga nywele ndefu zilizogusa mabega na kuvaa kofia pana, akiamini kwamba jua la Afrika lingemdhuru.

Ardhi yenyewe ilimdanganya. Nyasi za Njoro zilikuwa ndefu na za kijani kibichi, lakini mifugo haikustawi. Delamere aliagiza kondoo wa aina ya merino kutoka New Zealand, na wengi wao wakakonda na kufa. Miaka mingi baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu hizo ulikosa madini ya kobalti ambayo mnyama hawezi kuishi bila hayo. Wamaasai hawakulijua jina la madini hayo, lakini waliijua tabia ya nchi ile, na walikuwa wakiepuka kuyaweka makundi yao pale kwa muda mrefu. Mgeni hakuwauliza.

Alipoleta ng'ombe wa kigeni, homa ya mapafu na ndigana inayoenezwa na kupe ziliwafagia. Akageukia kilimo. Alilima ngano katika mamia ya ekari, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba bahati imemgeukia. Kisha ukaja ugonjwa wa kutu, ule unaoacha unga wa rangi ya machungwa kwenye mabua, ukaliangamiza shamba.

Mtu mwingine angefunga virago. Delamere aliajiri mtaalamu, akamjengea maabara hapo Njoro na kumpa kazi moja tu, kuchanganya mbegu hadi ipatikane ngano inayoweza kuhimili kutu. Kazi hiyo iliyoanza mwaka 1907 ilichukuliwa na serikali mwaka 1927, na kituo hicho ndicho baadaye kilichokuja kuwa chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO. Ulipozuka ugonjwa mpya wa kutu uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ni mashamba ya Njoro ambayo mataifa mengi ya dunia yalipeleka mbegu zao zijaribiwe.

Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka na kuipa jina la Kiswahili, Unga. Alifanya biashara ya nyama pia, akajaribu kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya yao, akalima na matunda. Fedha za kuendeshea yote hayo zilitoka Uingereza, ambako mali ya ukoo ilizidi kuwekwa rehani mwaka baada ya mwaka.

Kilichomwokoa ni Soysambu, shamba la pili la karibu ekari 50,000 kando ya Ziwa Elmenteita. Kufikia mwaka 1910 alikuwa amehamishia huko makundi yake ya kondoo. Nchi ilikuwa kavu na yenye mawe, lakini malisho yake yalikuwa mema, na sufu ikaanza kumlipa. Malisho hayo, hata hivyo, yalikuwa na wenyewe kabla yake.

Jinsi Wamaasai walivyoondolewa

Kabla ya reli, Wamaasai ndio waliokuwa wakilisha mifugo yao kutoka Naivasha, kupitia Elmenteita na Nakuru, hadi Laikipia. Mwishoni mwa karne ya 19 walipatwa na misiba mfululizo. Sotoka iliwaua ng'ombe wao, ndui ikawaua watu, na vita vya ndugu kwa ndugu vikamaliza nguvu zilizobaki. Wazungu walipofika na kuona nyanda zenye watu wachache, walisema kwamba nchi haina mwenyewe.

Mnamo Agosti 1904, serikali ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai wakiongozwa na oloiboni Olonana. Kwa mkataba huo, Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa la kati na kugawanywa sehemu mbili, wengine wakienda Laikipia kaskazini na wengine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba hawangesumbuliwa tena muda wote ambao taifa lao lingekuwapo duniani.

Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia, na Aprili 1911 ukatiwa saini mkataba wa pili uliowataka Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini pia. Jaribio la kwanza la kuwahamisha lilikwama kwenye milima ya Mau kwa sababu ya mvua na baridi, baada ya watu na mifugo kuteseka. Legalishu, kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia, alipinga. Mwaka 1913 wenzake walienda Mahakama Kuu wakiwa na mawakili. Mahakama iliitupa kesi hiyo kwa hoja ya ajabu. Ilisema kwamba Wamaasai walikuwa taifa lililofanya mkataba na taifa jingine, na kwa hivyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuamua. Wakahamishwa.

Uhusiano wa Delamere na Wamaasai ulikuwa wa ajabu kwa yeyote anayeutazama leo. Alijifunza lugha yao na kuizungumza. Aliwaajiri wawe wachungaji wake, akaketi nao hadi usiku wakiongea habari za mifugo, na aliwastahi kuliko alivyowastahi maafisa wengi wa serikali. Walipomwibia ng'ombe, na walimwibia mara nyingi, alicheka na kuwasifu kwa ujanja wao. Mapenzi hayo hayakumfanya aone kwamba walistahili kurudishiwa nchi yao. Aliwapenda wakiwa wachungaji kwenye ardhi aliyoiita yake.

Shemeji yake, Galbraith Cole, alionyesha sura nyingine ya ulowezi. Mwaka 1911 alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo. Baraza la wazee wa mahakama, lote likiwa la Wazungu, lilimwachilia. Serikali iliona aibu, ikamfukuza nchini, lakini baadaye akaruhusiwa kurejea katika shamba lake.

Kuhusu wafanyakazi, Delamere hakuficha msimamo wake. Mbele ya tume ya serikali iliyochunguza suala la vibarua mwaka 1912 na 1913, alieleza kwamba kama kila Mwafrika angekuwa na ardhi ya kumtosha, walowezi hawangepata watu wa kuwafanyia kazi. Dawa aliyopendekeza ni kuzipunguza hifadhi za wenyeji. Maneno hayo yalifumbua siri ya uchumi wa kikoloni. Kodi ya nyumba, kipande cha kuning'inizwa shingoni na sheria za maskwota vilikusudiwa kumtoa Mwafrika shambani kwake na kumpeleka katika shamba la mlowezi.

Kiongozi wa walowezi

Siasa za Delamere zilianza karibu siku ile ile aliyoanza ukulima. Mwaka 1903 serikali ya London ilipowapa Wayahudi nafasi ya kupewa makao Uasin Gishu, yeye ndiye aliyeongoza upinzani wa walowezi, ingawa walowezi wenyewe walikuwa wachache mno wakati huo. Mpango huo ulikufa mwaka 1905 viongozi wa Kizayuni walipoukataa wenyewe.

Baraza la Kutunga Sheria lilipokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, Delamere aliteuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wasio wa serikali. Hakukaa kimya. Machi 1908 aliongoza kundi la walowezi waliokuwa na hasira hadi makao ya Gavana James Hayes Sadler jijini Nairobi, wakidai sheria zitakazowapatia vibarua kwa urahisi. Walimpigia gavana kelele wakimtaka ajiuzulu. Delamere alisimamishwa ujumbe wa Baraza, kisha akarudishwa baadaye. Funzo alilolipata ni kwamba serikali ya koloni ingeweza kutishwa.

Nje ya Baraza, visa vyake vilijaza masimulizi ya Nairobi. Inasemekana alipanda farasi hadi ndani ya Hoteli ya Norfolk na kuruka naye juu ya meza, na kwamba yeye na marafiki zake walizipiga risasi taa za barabarani kwa mchezo. Vijana wa Kizungu walimwona shujaa. Mwafrika au Mhindi ambaye angethubutu kufanya nusu ya hayo angeozea gerezani.

Lady Florence alifariki Mei 1914. Miezi michache baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vilianza, na Delamere akapewa kazi ya kupeleleza mpaka wa kusini akiwa na Wamaasai, akiangalia nyendo za Wajerumani wa Tanganyika. Kazi hiyo iliivunja afya yake, na kwa muda ilimbidi aondoke nchini kwa matibabu.

Mwaka 1920 nchi ilibadilishwa kuwa Koloni la Kenya. Mwaka huo huo Wazungu walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao 11, na Delamere akachaguliwa kuwakilisha Bonde la Ufa. Akawa kiongozi wa wajumbe wote wa kuchaguliwa. Wazungu wakati huo hawakufika 10,000, Wahindi walizidi 20,000, na Waafrika walizidi milioni 2. Waafrika hawakuwa na kura wala mjumbe.

Wahindi ndio waliokuwa wa kwanza kuutikisa mpango huo. Walikuwa wamejenga reli, wakafungua maduka katika kila kituo kutoka Mombasa hadi Kisumu, Nakuru ikiwemo, na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa ameingia Barazani tangu mwaka 1909. Sasa walidai daftari moja la wapigakura na haki ya kununua ardhi katika nyanda za juu. Delamere aliona kwamba wakikubaliwa, ndoto yake imekwisha.

Kati ya mwaka 1922 na 1923 kundi la siri la walowezi lilipanga uasi. Walikusudia kuiteka reli na ofisi za posta na simu, kisha wamteke nyara Gavana Robert Coryndon na kumficha katika shamba la mbali lenye mto wa samaki, ili asichoke kwa kukosa la kufanya. Mpango huo unachekesha ukisikiwa leo, lakini London iliuchukulia kwa uzito.

Delamere alisafiri hadi London akiongoza ujumbe wa walowezi. Wahindi walipeleka wajumbe wao pia. Uamuzi ulitolewa Julai 1923 katika Waraka wa Devonshire. Wahindi walipewa viti 5 katika Baraza na kunyimwa daftari la pamoja. Nyanda za juu zilibaki za Wazungu. Hapo Delamere alishinda.

Lakini waraka huo huo ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulia pale yatakapogongana na ya wageni. Serikali haikuwa na nia ya kuyatekeleza maneno hayo wakati huo, kwani mwaka mmoja tu nyuma, Machi 1922, watu waliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe walikuwa wameuawa kwa risasi Nairobi. Mjumbe aliyeteuliwa kuyasemea maslahi ya Waafrika alikuwa mmisionari wa Kizungu, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia Barazani hadi mwaka 1944. Hata hivyo, maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa na serikali ya Uingereza yenyewe. Delamere, kwa kuwakatalia Wahindi, alikuwa ameisukuma London itamke jambo ambalo lingekuja kuwakatalia walowezi pia.

Alijaribu kuziba ufa huo kwa kutafuta umoja wa walowezi kuanzia Kenya hadi Rhodesia. Oktoba 1925 aliitisha mkutano wao Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, na mingine ikafuata Livingstone na Nairobi. Alitaka liwepo shirikisho moja kubwa la Afrika Mashariki chini ya uongozi wa Wazungu. Tume iliyoongozwa na Sir Edward Hilton Young ilipotoa ripoti yake mwaka 1929, haikuwapa walowezi mamlaka waliyoyataka.

Katika miaka hiyo ndipo alipofanya jambo ambalo wafugaji wa Kenya wamelikumbuka zaidi. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha kiwanda cha ushirika wa maziwa Naivasha mwaka 1925, kilichokuja kujulikana kama KCC. Kilikuwa chombo cha Wazungu peke yao. Baada ya uhuru ndipo mfugaji mdogo wa Nyandarua, Nakuru na Nandi alipopeleka mtungi wake huko, na kampuni ilipoanguka chini ya usimamizi mbaya ni yeye aliyeumia, hadi serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoifufua katika miaka ya 2000.

Kifo na madeni

Mwaka 1928 Delamere alioa mara ya pili. Mkewe, Gwladys Markham, baadaye alikuja kuwa meya wa Nairobi. Mwaka 1929 mfalme alimtunukia Delamere nishani ya juu. Lakini mwaka huo huo bei ya mazao iliporomoka duniani, nzige wakavamia mashamba, na walowezi waliokuwa wakiishi kwa mikopo wakaanza kufilisika. Galbraith Cole, aliyekuwa amesumbuliwa na maradhi kwa miaka mingi, alijiua Kekopey mwaka 1929.

Delamere mwenyewe alifariki tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu karibu na ziwa. Alimwachia mwanawe Thomas cheo, ardhi na deni kubwa la benki. Mtu aliyerithi utajiri wa vizazi vingi alikuwa ameumaliza wote katika udongo wa Njoro na Elmenteita.

Walowezi walimtukuza. Barabara kuu ya Nairobi iliitwa kwa jina lake, na mwaka 1939 sanamu yake ikasimamishwa hapo. Miaka 13 baadaye ilitangazwa hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na miongoni mwa waliokula kiapo walikuwamo maskwota wa Bonde la Ufa, wana wa vibarua ambao Delamere alitaka wanyimwe ardhi. Uhuru ulipofika mwaka 1963, sanamu iliondolewa, na barabara ikapewa jina la Kenyatta.

Ardhi haikuondoka upesi kama sanamu. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo na kugawiwa Waafrika, lakini mengine, Soysambu ikiwa mojawapo, yalibaki. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Olonana, Wamaasai waliandamana wakidai warudishiwe Laikipia, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Mwaka 2005 na 2006 jina la Delamere lilirudi katika kurasa za kwanza za magazeti, pale Thomas Cholmondeley, kitukuu wa baroni huyo, alipowapiga risasi na kuwaua Wakenya wawili katika matukio tofauti Soysambu. Kesi ya kwanza iliondolewa na Mwanasheria Mkuu, jambo lililozua hasira kote nchini. Katika ya pili, Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2009 na kumfunga miezi minane. Alifariki mwaka 2016.

Katiba ya mwaka 2010 iliamua kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya kwa zaidi ya miaka 99. Nayo Soysambu ikawa hifadhi ya wanyamapori mwaka 2007, na Ziwa Elmenteita, pamoja na Nakuru na Bogoria, likaingizwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia.

Mizani ya maisha ya Delamere si rahisi kushika. Ngano isiyougua kutu, unga wa dukani na maziwa ya ushirika ni mambo ambayo mkono wake ulianzisha, na Mkenya wa leo hunufaika nayo. Lakini hakuyaanzisha kwa ajili ya Mkenya huyo. Aliyaanzisha kwa ajili ya nchi ambayo Mkenya huyo angekuwa kibarua ndani yake, juu ya ardhi iliyopatikana kwa ahadi iliyovunjwa. Ujasiri wake ulikuwa wa kweli, hasara yake ilikuwa ya kweli, na dhuluma aliyoisimamia ilikuwa ya kweli pia.

Karibu na Elmenteita kuna mlima mdogo wenye umbo la mtu aliyelala chali. Walowezi waliutazama wakaona pua ya Delamere, na wakauita hivyo. Wamaasai, waliokuwapo kabla yake, huuona kama morani aliyelala.